Mrija wa Rubisi Sikioni

Kila nikianza kusimulia mkasa huu hujikuta nimeshika sikio la kulia, maana ndilo lililoniponza, na aibu yake sijaimaliza mpaka leo ingawa nina wajukuu.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami ni dereva wa tajiri mmoja mnunuzi wa kahawa pale Bukoba, naendesha pikapu kuukuu (kuukuu kweli, mlango wa kushoto tulikuwa tunaufunga kwa kamba ya mgomba). Siku hiyo nilikuwa nakwenda Muleba kuposa. Mzee Sadiki, baba yake Zaituni, alishasema mbele za watu kwamba madereva wote ni walevi na binti yake hampi mlevi, kwa hiyo nilivaa kanzu nyeupe pee, nikamchukua baba mdogo Abdu awe mshenga, na nyuma nikampakia jirani yetu wa Hamugembe, Ta Rwegasira (Ta kwetu ni Bwana), aliyekuwa anawapelekea wakwe zake kibuyu kikubwa cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, pamoja na mrija mrefu wa kunywea.

Tumepita Rwamishenye tu, gari likaanza kulia, kriii, kriii.

"Mwanangu, twende tu," baba mdogo akasema. "Fundi utamwona kesho."

Mtu mwenye akili angemsikiliza. Mimi nikasema sifiki kwa mkwe na gari linalolia kama mbuzi, lazima nijue lina nini, na tulipobakiza kilima kimoja nikasimama kwenye mteremko, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikavua viatu (kanzu sikuvua, ujinga wangu huo) nikaingia chini.

Fundi aliwahi kunifundisha kwamba mlio husikilizwa kwa fimbo, ncha moja kwenye gia boksi na nyingine sikioni. Fimbo sikuwa nayo, nikamwomba Ta Rwegasira mrija wake.

"Waitu, ndugu yangu, ukimaliza uuoshe," akasema.

Baba mdogo nikamweka kwenye usukani, injini inawaka, gia iko huru, awe anakanyaga klachi na kuiachia. Akikanyaga, kimya, akiachia, kriii. Nikafurahi, nikamwambia arudie. Sasa baba mdogo, ambaye maisha yake yote hajawahi kukaa hapo, goti lake likasukuma gia ikaingia, naye akaachia klachi, gari likaruka mara moja likazimika. Mimi niliokolewa na mawe. Kibuyu hakikuwekewa jiwe, kikapinduka, na rubisi yote ikapita kwenye nyufa za mbao za sakafu ya pikapu ikanimwagikia kutoka kichwani mpaka miguuni.

Nikatambaa kutoka, kanzu chapachapa, mrija bado uko sikioni, na mbele yangu kasimama Mzee Sadiki na baiskeli yake, katoka kutulaki.

"Madereva wengine hunywea kilabuni," akasema taratibu. "Wewe unanywea chini ya gari, tena kwa sikio."

Nilimwona Zaituni akinitoka hivihivi. Baba mdogo, mshenga wangu, alijiinamia nyuma ya usukani. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikakaza roho.

"Mzee, ni beringi ya gia boksi. Sikiliza mwenyewe."

Nikatoa gia, nikawasha gari, nikampa mrija. Sijui kwa nini alikubali (nadhani alipenda magari kuliko alivyokiri). Akapiga magoti, akaupitisha mrija chini ya gari, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Kweli, inakwaruza," akasema.

Hivyo ndivyo maalimu wa msikiti wake alivyomkuta, yeye na akina mama waliokuwa wanatoka sokoni: Mzee kapiga magoti, macho kafumba, mrija wa rubisi mkononi, harufu imejaa barabara nzima, na mimi pembeni nachuruzika. Maalimu akatoa salamu, akapita. Hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Mzee akatupeleka kwake, tukaketi. Halafu akamgeukia baba mdogo.

"Ijumaa kijana huyu aje msikitini aseme kwamba mimi sikunywa."

Baba mdogo (hapo ushenga ulimrudia) akajibu, "Atakuja, Mzee. Ila sijui kama watu watalikubali neno la mlevi."

Mzee akanigeukia.

"Huyu si mlevi," akasema.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa. Tangu siku ile gari likilia nalipeleka kwa fundi, nasimama mbali, mikono nyuma, na hata akinisihi nisikilize nakataa. Zaituni naye, akiniita nisiposikia, huniuliza kama aniletee mrija.