Mwenzangu Aliyejua Kuuliza

Wiki iliyopita alifariki dunia, kule Ruiru, mtu niliyemwonea wivu tangu miaka ya hamsini. Waliomzika walimsifu kwa kahawa aliyowafundisha kulima. Mimi nina jambo jingine la kusema, na si la kujivunia.

Tulisoma pamoja chuo cha ualimu karibu na Thika, siku za Hali ya Hatari ya wakoloni, wakati kwenda Ruiru tu kulihitaji kibali. Katika mitihani nilimshinda. Lakini kila Jumamosi alibisha mlango wa mkufunzi wetu wa kilimo, mzee mpole, akamwuliza kazi gani ingemfaa maishani. Nilimcheka, nikisema mtu mzima hujiamulia. Kumbe moyoni niliumia, maana mkufunzi alimwita "mwanangu", na mimi aliniita kwa jina langu la daftarini.

Muhula wa mwisho, Ijumaa moja, mkufunzi alinikuta uani akanituma nimwambie mwenzangu afike ofisini kesho asubuhi: wakubwa wa idara ya kilimo wangekuja kutafuta vijana wa kufunzwa kazi. Niliitikia. Nikarudi bwenini, nikamkuta anapiga pasi shati, nikapanda kitandani bila kumwambia neno.

Alikwenda hivyo hivyo, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na alikuwa na swali. Akachukuliwa. Mimi nikapewa darasa katika shule ya kijijini Ngoliba, nikafundisha hesabu nikiwa na kinyongo kila nilipomsikia akitajwa.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nilimtembelea. Alikuwa na nyumba ya mawe na mke mcheshi. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za wenzetu. Niliposimama kuaga, akasema taratibu, "Mkufunzi aliniambia alikutuma."

Niliketi tena.

"Nafasi zilikuwa mbili," akaendelea. "Aliniuliza wewe unapenda kazi gani, nikashindwa kumjibu. Hukuwahi kumwambia mtu."

Hakunilaumu, akanisindikiza hadi barabarani. Hata upole huo niliuonea wivu.

Siku hizi wanafunzi wa chuo kikuu wanaoishi mtaa wa Kahawa Wendani huniambia kwamba wahadhiri wao wana shughuli nyingi, hawataki kuwasumbua. Naijua aibu hiyo. Wewe unayesoma hapa, kama yuko mwalimu unayemwamini, nenda ukamwambie hujui uelekee wapi. Mimi sikuthubutu kuyatamka maneno hayo nikiwa na miaka ishirini, na wote ambao wangenijibu wameshazikwa.