Moss ya ukuta wa bafu

Wasee, leo nimeona kitu kikifufuka mbele ya macho yangu.

Mama yangu amenitembelea hapa mtaani Gatwekera kutoka Kitui, ambako mvua imekataa kabisa. Asubuhi nikaanza kukwangua moss, vile vimea vidogo vya kuta zenye unyevu, iliyokauka kwenye ukuta wa bafu ya ploti tunayopanga. Ilikuwa ya kahawia, ikivunjika kama majani ya chai.

Nikaimwagia maji ili itoke haraka.

Aki, ikaanza kufunguka! Majani yake madogo yakajinyoosha, yakawa ya kijani tukiangalia.

"Kwani haikuwa imekufa?" Mama akauliza.

Nikakumbuka biology ya sekondari. "Hapana, Mama. Haina mizizi ya kweli, inakunywa maji kwa majani. Maji yakikosekana, inangoja tu."

Mama akachuchumaa hapo, akaigusa kwa kidole. Halafu akanishika mkono.

"Wacha ikae."

Nimeiacha. Wewe ungeitoa?