Msiba wa Marekebisho Yangu

Miaka ile ya soko huria, kiwanda cha nguo nilichokuwa nikifanyia kazi kilibinafsishwa, nami nikapunguzwa kabla hata mashine hazijapoa. Nikarudi darasani, masomo ya jioni, na kitambi changu na ndevu zangu. Nikafaulu kidato cha nne kwa kishindo kilichosikika mpaka Ngerengere. Kutoka hapo nikaingia chumba kimoja jirani na stendi ya Msamvu, nyuma ya kafe ya intaneti, alikofundisha Mnyamwezi mmoja. Kompyuta zake zilikuwa kuukuu, nadhani Nuhu alizikataa safinani.

Mwalimu yule hakutufundisha kuchapa barua. Alitupeleka moja kwa moja kwenye programu huria ya kupanga ratiba za shule. Msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa dunia nzima: unausoma, unarekebisha kilichoharibika, unatuma kwa barua pepe, na wakaguzi walioko ng'ambo wanaamua kazi yako iingie au irudi. Mshahara hakuna. Watu walimwona mwendawazimu. Mimi nilimwona kama mtu aliyefungua mlango wa ikulu akatuambia tupite na viatu vyetu.

Nikahangaika wiki kadhaa na kosa moja: programu ilimpangia mwalimu mmoja madarasa mawili saa ileile. Nikalirekebisha, nikatuma, nikautangazia mtaa mzima. Jibu likaja refu kama treni ya mizigo. Kila mstari wangu una dosari! Aliyeandika simjui, wala hakunipa hata habari za asubuhi. Nikaona nimetukanwa. Nikapanda mlimani kwa mama, nikashika jembe kwenye kabichi, nikaapa kwamba mimi na kompyuta basi.

Jumapili, baada ya misa, tukasikia kilio kinapanda na njia. Kilio cha kuangusha miti. Alikuwa mwalimu wangu, na wanafunzi wenzangu wawili nyuma yake, mikono kichwani.

"Uwii! Marehemu wetu! Kafa angali mchanga!"

Mama akatoka mbio na mwiko mkononi. "Nani kafa?"

"Shikamoo, mama. Marekebisho ya mwanao."

"Marahaba. Ndiyo nini hayo?"

Mwalimu akajilaza mlangoni, akaziba njia, kama watani wafanyavyo msibani wanapozuia jeneza mpaka wapewe chochote. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikusema msibani huruhusiwi kununa. Mama akaelewa papo hapo, akashika kiuno.

"Marehemu alikuwa na vituko," mwalimu akaanza. "Alikutana na mwalimu asiye na kipindi siku hiyo, akazimia palepale!"

"Masikini!" wenzangu wakaitikia.

"Watoto wake wote kawaita a, b, c. Nani atawatambua? Hata mbuzi wa Waluguru wana majina!"

"Masikini!"

"Na kafa bila kuacha maelezo, hata mstari mmoja. Warithi watajuaje alichotaka?"

Nilicheka mpaka jembe likaniponyoka. Nadhani Turiani walinisikia. Katikati ya kicheko nikashtuka: hayo ndiyo yaleyale aliyoandika mkaguzi wa ng'ambo: programu inakwama mwalimu akikosa kipindi, kila kitu ndani ya msimbo nimekiita kwa herufi tupu, na maelezo sikuacha. Kule niliyasoma kama matusi. Hapa yalikuwa kazi ya kufanya.

"Mnyamwezi, toka mlangoni, nataka kuingiza kuni," mama akasema. "Unataka nini? Mihogo ipo."

"Mihogo nitakula, mama. Lakini siondoki mpaka marehemu afufuke."

Mama akanigeukia. "Mfufue basi! Mvua hiyo, kuni zinalowa."

Mwalimu akachomoa mfukoni msimbo wangu, umechapwa kwenye karatasi. Nikakaa kizingitini kando ya kichwa chake, nikaanza kuwapa wale watoto majina kwa penseli, wenzangu wakinizomea kila nilipokosea, nami nikiwarudishia. Mvua ikamnyeshea miguu na suruali yake ya kanisani. Hakunyanyuka hata mara moja. Wanaojua kompyuta nimewaona wengi kama mchwa. Anayejua kwa nini mtu mzima huondoka, na akamfuata mlimani, nimemwona huyo mmoja.

Wiki ile nikashuka mjini, nikatuma tena. Mkaguzi akarudisha. Nikasimama mbele ya darasa nikasoma dosari zote kwa sauti, watu wakacheka, nikarekebisha kabla chai haijapoa. Safari ya tatu kazi yangu ikaingia. Mwalimu hakunipongeza; alinisogezea kiti karibu na mwanafunzi mgeni aliyeanza asubuhi ile, nimwelekeze, akaenda zake kununua maandazi.