Msindikizaji Hutoka Nje

Chumba cha kufungia vidonda kinafanana popote uendapo duniani: kitanda chembamba, meza ya magurudumu yanayolia, harufu ya spiriti, na benchi nje ya mlango. Wanaokaa kwenye benchi nao wanafanana. Yupo aliyegongwa na pikipiki, yupo mjenzi aliyekanyaga msumari, yupo mtoto aliyejivutia sufuria ya uji. Na hakosi aliyeanguka ngazini. Watu wanaanguka ngazini kila nchi, hata wale ambao nyumba zao hazina ngazi.

Muuguzi wa chumba hiki aliitwa Bibi Bandeji na hospitali nzima, naye aliitika bila kununa. Alikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa akija na mtu, mtu huyo hutumwa: hebu nenda dirisha la dawa ukaulize kama pamba imefika. Pamba ilikuwa tele kabatini. Mlango ukishafungwa, alisafisha kidonda huku akiuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Nani kakufanya hivi?" Wengine walicheka. Wengine walilia. Wengine waliutazama mlango, na hilo nalo lilikuwa jibu. Wenzake walimtania kwamba alikosea njia, angekwenda polisi. Alisema polisi hawana pamba.

Kisha mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu ambaye majirani walimsifu kwa upole, akamleta mkewe. Mkewe alikuwa msusi, na alikuwa ameungua kutoka bega la kushoto hadi katikati ya mgongo. Birika la chai lilimponyoka, mume alieleza. Bibi Bandeji alisikitika, akasafisha, akafunga, akawapa dawa. Hakumtuma mtu pamba.

Angemtumaje? Kijana alikuwa amekua akisikia habari za pamba wakati wa kula, akizicheka mpaka apaliwe. Alijua vizuri kutumwa kule kulimaanisha nini. Kumtuma kungekuwa sawa na kumwambia usoni kwamba anashukiwa, na mama yule hakuwa tayari. Alijiambia birika ni birika. Lakini kazi aliyoizoea haikumwacha alale. Chai ikikuponyoka mkononi, inakumwagikia mapajani na miguuni. Hii ilitoka juu, kwa nyuma. Aliliona hilo siku ileile, akalifunika kwa bandeji pamoja na kidonda.

Waliporudi kubadilisha bandeji, alimuuliza mkwewe kama bado anasikia maumivu.

"Si sana," mume akajibu.

Bibi Bandeji akaweka koleo mezani.

"Toka nje, baba."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Msindikizaji hutoka nje."

Kijana akajaribu kutabasamu. "Hata pamba hunitumi?"

"Pamba unajua ilipo."

Alisimama pale kidogo, kama anayesubiri mama yake acheke. Kisha akatoka.

Mlango ulipofungwa, ile sauti ya bei ya nyanya ilikataa kuja. Bibi Bandeji alivuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mkwewe. Akamwambia kwamba yeye ni mama wa mtu aliye nje, kwa hiyo asilazimike kumwambia yeye. Yupo muuguzi mwenzake ng'ambo ya ukumbi, anaweza kumwita, na yeye mwenyewe atoke.

"Nikikwambia, utamwamini nani?" msusi aliuliza.

"Bega nimeliona, mwanangu. Nililiona tangu siku ya kwanza."

Msusi akasema kwamba alikuwa ameinama anaosha vyombo, na maji yalikuwa yamechemka kweli, huo ndio ukweli pekee wa ile habari ya birika. Mengine alitaka kumwambia yule mwenzake. Na baada ya hapo alitaka kwenda kwa dada yake.

Bibi Bandeji alimwita mwenzake, akamwambia mbele ya mgonjwa asimwonee haya yeye, aandike kila atakachoambiwa. Kisha akatoka, akaketi kwenye benchi pembeni ya mwanawe.

"Kasema nini?" kijana akauliza.

"Hilo si lako kuuliza. Hatarudi kwako leo."

"Zilikuwa hasira tu, mama."

"Ukikutana na bosi wako una hasira, humwagii maji ya moto."

Kijana aliuliza, kwa sauti ya chini sana, yeye itakuwaje. Mama yake akamwambia kwamba polisi wakija kumhoji ataeleza alichokifanya kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye mama hatasema neno la kumtetea. Popote watakapompeleka, atakwenda kumwona, kwa sababu ni mwanawe.

Mlango ulipofunguka, kijana akainuka. Bibi Bandeji aliinuka kabla mwanawe hajamaliza kunyooka, akasimama kati ya benchi na mlango, mgongo kwa mkwewe na uso kwa mwanawe. Akabaki hivyo hadi nyayo za yule mwanamke zilipofika mwisho wa ukumbi na kukata kona.