Tarehe Kwenye Folda ya Mama

Mimi ni mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu, na folda zangu tatu ziliitwa "Mwisho", "Mwisho Kabisa" na "Mwisho Hii Hapa". Zilikuwa kwenye kompyuta ya steshenari moja mjini Kasulu, nilikokuwa nachapa masimulizi ya mama yangu, anayeishi kijijini Titye: jinsi alivyombeba dada yangu mgonjwa kwa miguu hadi hospitali ya Kibondo. Daftari nililoandikia akisimulia nililichoma nilipomaliza kuchapa, nikijiona nimeendelea.

Mwenye steshenari, dada aliyeishia kidato cha nne, alikuwa ameandika mistari michache ya amri. Kila asubuhi alibofya mara moja, kompyuta ikatengeneza folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo na kunakili humo kazi zote za wateja. Nilimcheka kwa kuandika tarehe akianza na mwaka. Akanieleza kwa upole kwamba ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote hukaa pamoja. Ukianza na mwaka, folda hujipanga zenyewe. Tena, kwa kuwa umeme ukikatika saa ya ile kompyuta hurudi nyuma, amri zake ziliuliza kwanza kama tarehe ni sahihi. Alitazama kalenda ya ukutani, ndipo akajibu. Nilitikisa kichwa kisomi.

Kisha nikayasafisha masimulizi. Niliondoa maneno ya Kiha, nikatia "muktadha" na "mchakato", nikahifadhi juu ya yale ya zamani katika folda zote tatu.

Jumapili nikamsomea mama. Alikuwa anachambua maharage.

"Huyo mwanamke ni nani?" akauliza.

Nilimwomba asimulie upya. Akasema habari ile ameshaisema, haitoki mara ya pili.

Jumatatu nilifika steshenari kabla haijafunguliwa. Dada wa steshenari hakunicheka nilipomweleza, ingawa nilistahili.

"Uliharibu lini, mwalimu?"

"Jumatano, mchana."

"Basi tufungue ya Jumatano asubuhi."

Ilikuwepo, katikati ya barua za maombi ya kazi na kadi za harusi: safari nzima, Kiha chote cha mama, hata pale alipokaa chini njiani akaogopa kumgusa mtoto.

Nilirudi Titye nikamsomea. Safari hii mikono yake iliacha maharage.

"Huyu ni mimi," akasema. "Yule mwingine alisoma sana."

Halafu akafunga maharage yale kwenye mfuko, nimpelekee dada wa steshenari.