Mdhamini wa Mtu wa Mazingaombwe

Juzi, katika steshenari moja ya mtaa wa Utemini, kijana jirani yangu anayefanya mazingaombwe alikuwa akichapiwa na binti wa kompyuta wasifu wa kuombea kazi hotelini. Walipofika kwenye wadhamini, kijana akanigeukia nilipokuwa nikisubiri zamu yangu.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni mzee wa kanisa. Niandike jina lako?"

"Marahaba. Ili waumini waseme nadhamini mchawi?"

Binti wa kompyuta akacheka. Kijana akatoa yai hewani, akanitazama, kisha akakunja taratibu mkono wa shati na kunionyesha alipokuwa amelificha.

"Siri hii hata mke wangu haijui, mzee."

Nikakubali, jina langu likachapwa. Ila nakiri mbele yenu na mbele za Mungu: njiani nilisononeka. Kabla hajakunja ule mkono, nilikuwa nimefurahi kama mtoto.