Lampe Niliyomnyima Rafiki Yangu

Sina subira na vijana wanaosema wanapenda redio za zamani. Nasema mapema ili msomaji asije akanitafutia wema mahali ambapo haupo.

Kwangu Kamalondo, kila Jumapili baada ya misa, walikuwa wakija watu saba au wanane kuzungumza habari za poste. Hilo ndilo jina la redio hapa Lubumbashi, na sisi tulimaanisha zile kubwa za sanduku la mbao, zenye lampe ndani, vile vigilasi virefu vinavyowaka taratibu kwa wekundu hafifu. Wazee tulikuwa wanne, waliobaki ni vijana. Wazee tulikuja na bisibisi na kikombe cha risasi ya kuchomelea. Vijana walikuja na simu. Unamwonyesha kijana waya uliokatika, badala ya kuinama autazame anaupiga picha, halafu anaituma kwa mtu asiyemjua ili amwambie ni waya gani. Waya uko mbele ya pua yake!

Aliyenichosha kuliko wote alikuwa mmoja mwenye duka dogo kule Ruashi. Nitamwita kijana, ingawa ana mke na watoto wawili na ameanza kuota kitambi. Kazi yake ni kununua poste zilizokufa, kuzitoa matumbo yote, lampe, transfoma, nyaya, kila kitu, kisha kutia ndani kibao kidogo cha Kichina kinachopokea muziki kutoka kwenye simu. Sanduku analipaka vanishi mpaka unajiona uso. Wateja wake ni wenye hoteli na watu waliotajirika kwa kobalti, wanaotaka kitu cha kale sebuleni lakini hawataki kungoja kipate moto. Yale matumbo anayatupa. Niliwahi kuyakuta kwenye ndoo nyuma ya duka lake, yamechanganyika na maganda ya mihogo. Siku ile sikula chakula cha mchana.

Lakini hakuwa mjinga. Jumapili moja nilikuwa nawaonyesha namna tunavyofanya sisi. Kondensa za zamani, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zimevikwa karatasi ya nta, na zikizeeka zinavuja. Unaitoa nyama yake kwa upole, unaliacha lile gamba la karatasi, unatia ndani kondensa mpya ndogo, unaziba kwa nta. Mtu akifungua poste anaona kila kitu cha zamani. Kijana akatazama mpaka nikamaliza, kisha akacheka.

"Papa, na weye unafichaka. Unatia kintu kipya mu ngozi ya zamani. Na mi njo minafanya vile vile. Tofauti ni nini?"

Nikamwambia tofauti ni kwamba umeme wangu bado unapita njia ileile aliyoichora fundi wa kwanza, na wa kwake haupiti popote. Wazee wenzangu wakapiga makofi. Vijana hawakupiga. Nilikasirika siku tatu nzima, na mtu hakasiriki siku tatu kwa neno la kipuuzi.

Sasa niseme habari za rafiki yangu. Tulifanya kazi pamoja tangu ujanani, katika karakana moja ya umeme ya kampuni ya migodi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisikiliza transfoma kabla ya kuigusa. Ndoto yake ya ujana ilikuwa poste kubwa, na aliipata kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mimi nilipata ya aina ileile miaka michache baadaye, na tulikuwa tukitaniana nani ana sauti nzito. Uzee ulimpeleka Ruashi, kwenye nyumba ambayo watoto wake walijenga wenyewe chumba kimoja kimoja. Kisukari kikamla miguu kwanza, kisha macho. Poste yake ilikuwa bubu muda mrefu, na alipoona, yaani alipojua, kwamba hatatoka tena kitandani, akanipigia simu.

"Ndugu yangu, nataka nisikie poste yangu mbele niende. Weye njo utaitengeneza. Usiache bale batoto baiguse. Basiniwekee bintu bya bongo."

Bongo kwetu ni uongo, na mbele ni kabla. Nilimwahidi. Mwanawe akaileta nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa blanketi, na mimi nikaifungua mezani kwangu siku ileile. Nilifanya kazi nzuri, sioni haya kusema. Kondensa zote nilizibadilisha kwa njia yetu, nikasafisha vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu, nikakaza uzi wa sindano ya masafa. Kikabaki kitu kimoja tu. Lampe ya mwisho, ile inayotia nguvu sauti kabla haijafika kwenye spika, ilikuwa imekufa, na haikuwapo ya kununua popote mjini. Niliuliza kwa mafundi wote, Kamalondo mpaka Naviundu. Mpwa wangu aliyeko Ulaya akasema atatafuta, na atatafuta maana yake mnaijua.

Lampe ya namna hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya poste yangu, kwenye rafu ya sebuleni, hatua nne kutoka mezani. Nilikuwa nimeitunza tangu siku za karakana, ina nguvu kama mpya. Kuichomoa ni kazi ya dakika moja, kuiingiza dakika nyingine.

Nilijipa sababu nyingi. Nilisema transfoma yake imechoka, itaweza kuiunguza. Nilisema hizi lampe zikitikiswa njiani zinakufa, na barabara ya Ruashi kila mtu anaijua. Nilisema poste mbili zisinyamaze kwa ajili ya moja. Zote zilikuwa sababu za fundi, na zote zilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Lakini nilichokuwa nacho moyoni ni kwamba sikutaka. Yangu ilikuwa poste ya mwisho inayoimba kwa lampe zake zote za asili miongoni mwetu, na Jumapili watu walikuja kwangu kwa sababu hiyo. Naiandika hapa kwa sababu sijapata kumwambia mtu kwa mdomo.

Mke wake alikuwa akipiga simu kila wiki. Muzee anauliza. Nilimjibu kwamba tunangoja kitu kimoja tu. Halafu alimpa simu mwenyewe, na sauti yake kila mara ilikuwa imepungua kidogo.

"Lampe ilipatikana?"

"Bado, ndugu. Tunatafuta."

"Basi tafuta pole pole. Minajua haiko kazi ya mbio."

Hakuwahi kulalamika. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi, na nilikuwa nikimaliza simu zile nikiwa nimemkasirikia yeye.

Jumapili moja kijana alikuta poste ile mezani, mgongo wazi. Akauliza ya nani, wenzangu wakamweleza yote, ugonjwa, macho, na ile lampe. Alimjua mgonjwa, maana nyumba zao ziko mtaa mmoja. Akakuna kichwa.

"Papa, tuache lampe. Niko na amplificateur kadogo ka kuongeza sauti, ntaiweka mu saa mbili tu. Sitatoa kintu, ntaifunga pembeni. Muzee asikie kwanza. Lampe ikifika, tunatoa yangu."

"Alisema musiiguse."

"Ni juu hakujua kama itakawia hivi. Na papa, hata ukimaliza, atasikia nini? Ile poste haina FM. Mu ondes courtes mwenye kubakia ni nani?"

Hapo aliligusa donda. Ni kweli, masafa mafupi siku hizi yamebaki na mlio kama mafuta ya kukaangia, na vituo vichache vya mbali vya lugha tusizozijua. Tunatengeneza masikio ya dunia iliyoacha kusema. Kila mzee pale sebuleni alilijua hilo na hakuna aliyewahi kulitamka.

"Atasikia poste yake," nikasema. "Haone, lakini masikio yake yako. Ukimutilia kakibao kako, atajua palepale. Weye hauko fundi. Weye uko fossoyeur wa poste. Unazika, halafu unapaka vanishi juu ya kaburi."

Wazee hawakupiga makofi safari hii. Kijana alisimama, akachukua kofia yake, na kabla ya kutoka akatazama rafu yangu. Kwa sababu ya joto nilikuwa nimeutoa ubao wa nyuma wa poste yangu, na kutoka pale alipokuwa, kwa pembeni, lampe zilionekana zikiwaka zote, ile ya mwisho pia. Alitazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anayetazama tu. Kisha akanitazama mimi. Akasema kwaheri papa, akatoka, na Jumapili zilizofuata hakurudi.

Alikuwa ameiona, na mimi nilijua ameiona. Nilingoja aitangaze kwa wengine, ambao kama waliwahi kuliwaza hilo hawakulitamka, nikatayarisha majibu makali. Hakumwambia mtu. Nikamchukia zaidi.

Rafiki yangu alikufa Alhamisi asubuhi, kama mwezi mmoja baadaye. Simu za mke wake zilikuwa zimekoma wiki mbili kabla, nami sikuuliza kwa nini. Kwenye kilio kule Ruashi nilikaa viti vya nyuma kabisa, mwisho wa turubai, pamoja na watu waliokuja kwa ajili ya chakula. Mimi niliyejuana naye tangu ndevu zetu hazijaota. Watu walinivuta nikae mbele na wenye msiba, nikasema miguu inauma. Kijana nilimwona akibeba viti. Hakunisogelea.

Wiki iliyofuata nyumba yangu ilikuwa kimya, na poste yake ilikuwa bado mezani. Nikaenda kwenye rafu, nikaichomoa lampe, nikaiingiza kwenye poste yake. Dakika moja na dakika moja, kama nilivyosema. Nikaiwasha. Haikuungua, haikutetemeka. Ilipopata moto, spika ikaguna, kisha mtu wa mbali akaanza kusema kwa lugha nisiyoijua, kwa sauti nzito iliyojaa chumba kizima. Nikakaa chini nikalia kwa hasira. Ingeungua, ningepata la kusema.

Kwa nini niliibeba kuipeleka Ruashi? Nilitaka mjane aone kwamba nimetimiza ahadi. Nilitaka mtu mmoja aseme nilifanya nilivyoweza. Nilikodi taksi, nikaipakata mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Mjane alinikaribisha chumbani, palepale alipokuwa amelala marehemu. Kitanda kilikuwa kimeshaondolewa. Juu ya kimeza cha dirishani ilisimama poste ya aina ileile, sanduku lilelile, kitambaa kilekile mbele ya spika. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikaitazama iliyo mikononi mwangu, nikaitazama ile.

"Ile njo ya kijana," mjane akasema, akinivutia kiti. "Aliileta juma mbili mbele muzee afe. Ni sanduku tu, ndani iko bintu byake, na FM. Akaniomba: mama, usimwambie muzee. Mwambie yake ilirudia, papa wa Kamalondo aliimaliza."

Nikauliza kama mgonjwa alitambua.

"Atambue namna gani? Alipapasa mbele yote. Akasema bouton moja ya kuzungusha haiko yangu. Akasema hapana mubaya, pengine yangu ilipasuka, alinitafutia ingine. Na kijana, ule anajua, alifinya bouton lakini hakuleta sauti mara moja. Alihesabu kwanza, pole pole, kama ile ya lampe inapata moto. Halafu njo akafungua. Muzee alicheka! Mi sikukuwa nimemusikia anacheka tangu macho yaende. Asubuhi habari za Kiswahili, mangaribi nyimbo. Alikuwa analala nayo."

Nilikuwa bado nimesimama. Kijana yule alikuwa amejifunza kwetu hata muda inaochukua lampe kupata moto, na aliutumia kumdanganya mtu aliyekataza uongo, na yule mtu akafurahi. Mimi niliyeulinda ukweli wake nilimwacha kimya. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Kijana sijamsamehe mpaka leo, na nikiulizwa kosa lake sitakuwa na la kujibu.

"Na alikuachia neno," mjane akaendelea. "Siku mbili mbele afe. Alisema: mumwambie ndugu yangu aksanti. Nilijua ule hawezi kuniacha."

"Kijana alikuwapo?"

"Alikuwa. Alisimama pale ku mulango. Hakusema kintu."

Nikaiweka poste chini taratibu. Mjane akaigusa, akapapasa mbao kwa kiganja, akatazama nyuma kupitia matundu ya ubao.

"Kumbe lampe ilipatikana?"

"Ilipatikana, mama."

"Siku gani?"

"Ilifika juzi," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema Mungu ndiye anayepanga, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa taabu yote niliyoipata nikiitafuta.